Nani Alishona Joho la Malkia?

Kitabu cha maisha ya mfalme au malkia mimi huanza kukisoma kutoka nyuma. Kule mwishoni kuna faharasa, ile orodha ya majina ya watu na kurasa walizotajwa, na huko ndiko ninakomtafuta mtu wangu. Napitia herufi moja baada ya nyingine. Mabalozi wapo. Majenerali wapo. Farasi wapo, tena kwa majina yao, na mbwa pia wapo. Fundi aliyeshona nguo hayupo. Basi nasonya, nakifunga kitabu, kisha nakifungua tena kutoka mbele na kukisoma chote, kwa sababu hasira haijawahi kunizuia kusoma.

Mimi ni fundi wa cherehani. Meza yangu iko kwenye veranda ya duka la vitambaa katikati ya mji wa Eldoret, na nimekaa hapo muda mrefu kiasi kwamba watu huelekezana njia kwa kunitumia: ukifika kwa yule mama anayesoma, pinda kushoto. Kwenye droo ya cherehani, pamoja na chaki, mikasi na futi, hamkosi kitabu. Wateja wapya hudhani ni Biblia. Wakiona joka kwenye jalada hunyamaza, na wengine huniuliza kwa upole naabudu kanisa gani.

Haya yote alinianzishia shangazi yangu. Wazazi wangu walikuwa na watoto wengi kule upande wa ziwa, naye hakuwa na hata mmoja, kwa hivyo nikiwa darasa la tano nilipakiwa kwenye basi nikaletwa kwake Plateau, nje kidogo ya Eldoret. Alikuwa mshonaji katika hospitali ya misheni pale. Shuka, mapazia, yale magauni ya kijani ya chumba cha upasuaji, vyote vilipita mikononi mwake. Nikitoka shule nilikaa naye katika chumba cha kushonea, nikiokota pini sakafuni kwa sumaku na kujifunza kukata kitambaa kilichonyooka kabla ya kuruhusiwa kugusa chenye pembe.

Siku moja mama mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao aliacha boksi la vitabu. Hakuna aliyejua pa kuviweka, vikaletwa kwetu. Kilichokuwa juu kabisa kilikuwa kitabu kinene cha maisha ya malkia wa nchi moja ya baridi. Kiingereza changu wakati huo kilitosha kuombea ruhusa ya kwenda chooni, lakini picha hazikuhitaji mkalimani. Katikati ya kitabu malkia alikuwa amesimama siku ya kutawazwa, joho limemwagika nyuma yake mpaka likashuka ngazi tatu. Nilimpelekea shangazi nikitarajia ashangae. Alifuta miwani kwa pindo la aproni, akaiinamia ile picha kwa muda.

"Bega la kushoto limevuta," akasema. "Huyu alikimbizwa."

Huyu maana yake aliyeshona, aliyeharakishwa mpaka mshono ukakunjamana. Malkia mwenyewe hata hakumtazama. Nilimuuliza aliyeshona ni nani, akanijibu, "Si wewe ndiye unasoma shule? Tafuta."

Nilitafuta. Nilikisoma kitabu chote, neno kwa neno, kamusi ya shule ikiwa magotini, na Kiingereza nilichonacho leo nilikiokota humo. Niliwajua wapishi wawili, kinyozi mmoja na daktari wa farasi. Mwandishi alieleza joho lile kwa kurasa tatu, uzito wake, lulu zake, rangi yake chini ya mwanga wa madirisha ya kanisa, na hakusema ni mkono wa nani uliozishona hizo lulu. Nilimwambia shangazi sijampata. Akasema, "Basi endelea kusoma vingine."

Nimeendelea. Nimesoma maisha ya wafalme wengi kuliko yanavyonihusu, na sasa nazijua tabia za vitabu hivyo kama ninavyowajua wateja wangu. Vyote huanza na babu wa babu. Utoto wa mfalme ni wa upweke hata kama ndugu zake walikuwa saba. Mfalme aliwapenda watu wake sana, na sura inayofuata anawatoza kodi ya chumvi. Hali ya hewa ya harusi yoyote ya kifalme naijua mimi: mvua ikinyesha mwandishi anaiita baraka, jua likiwaka anaiita ishara, na mawingu yakitanda tu anayaruka kimyakimya.

Vitabu vya maajabu nilikuja kuvijua baadaye, kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandaza turubai lake karibu na steji ya mabasi. Hivi vina masharti yake. Hadithi moja huandikwa kwa vitabu vitatu au vitano, na turubai lile halijawahi kuwa navyo vyote. Mimi ni bingwa wa vitabu vya pili. Vita navikuta vimeshaanza na naviacha vikiendelea, na kuna mchawi mmoja ambaye mpaka leo sijui kama alifufuka ama alioza. Lakini nilivipenda kuliko nilivyotarajia. Cha kwanza ni ile ramani. Ukifungua tu unaikuta, milima, mito, msitu usioingilika, na njia yenye nukta nukta ambayo watu watapita. Mwandishi anakuonyesha nchi nzima kabla ya kukuomba uiamini, na mimi huwa namwamini papo hapo. Vitabu vya maajabu hudanganya waziwazi na havioni haya. Vile vya wafalme husema kweli tupu na bado unahisi umefichwa kitu.

Kinachoniudhi ni kwamba humo pia hakuna anayefua. Mtoto wa mfalme anapanda farasi siku arobaini, anapita kwenye kinamasi, anapigana na jitu, anafika na shati lilelile na binti anamkumbatia shingoni. Mimi nalinusa hilo shati nikiwa hapa Eldoret. Na kuna kitabu kimoja, cha pili kama kawaida, ambamo bibi kizee anamshonea mtoto wa mfalme koti lisilopenywa na mshale. Koti hilo linaokoa nchi nzima. Bibi amepewa sentensi moja tu, na kabla ya watu kula chakula cha jioni ameshakufa. Nilikitupa kile kitabu chini ya meza. Nilikiokota baada ya chai.

Mara moja tu nimepata nilichokitafuta. Kilikuwa kijitabu chembamba, kimepigwa chapa vibaya, kuhusu mfalme mmoja wa zamani wa upande wetu wa magharibi. Mwandishi alipofika kwenye ngozi ya chui aliyoivaa mfalme, aliandika ni mtu wa ukoo gani aliyeilainisha na alitumia mafuta gani. Mistari minne. Niliisoma kwa sauti pale veranda, na mwenye duka, mzee wa Kisomali ambaye hupenda kujifanya hanisikilizi, alitoka nje akaniambia niisome tena.

Nina mtoto mmoja, binti. Alikulia chini ya meza ya cherehani, kati ya vipande vya kitambaa, na alijua kusoma kabla hajajua kufunga viatu. Nilikuwa nikimsomea mwenyewe, nikigeuza kila kitu kwa Kiswahili papo kwa papo, na kila tulipomaliza aliniuliza swali nililomfundisha: na nguo alishona nani? Siku moja akiwa na miaka mitano alichukua biro, akafungua kile kitabu cha shangazi na kumchorea malkia viatu, kwa sababu joho lilikuwa limemfunika miguu naye akamwonea huruma. Nilimchapa kwa mwiko. Sijawahi kumchapa tena, lakini siku hiyo nilimchapa na nikamwambia kwamba kitabu ni cha watu wengi, hata wale ambao hawajazaliwa, na katika nyumba yangu hakuna mtu wa kuandika ndani ya kitabu. Vile viatu vipo mpaka leo, vya bluu, na kimoja ni kikubwa kuliko kingine.

Alisoma. Alisoma sana, na nilijivuna sana, sitaficha. Sasa ni afisa katika benki moja iliyo mtaa huohuo wa veranda yangu. Akiwa peke yake huja saa ya chakula cha mchana, anaketi kwenye kiti cha wateja na tunakunywa chai. Akiwa na wenzake wa kazini hunipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Niliona hilo mapema na nikalinyamazia. Kisha akapata mchumba, kijana mzuri wa Kapseret, wazazi wake wakulima wenye ng'ombe wa maziwa, na siku walipokuja kwetu kujitambulisha nikiwa jikoni nilimsikia binti yangu akiwaambia, "Mum yuko kwa mambo ya fashoni." Niliileta chai. Nilitabasamu. Mambo ya fashoni yalikuwa yamevaa aproni yenye uzi umenasa mfukoni.

Wiki moja baadaye nilimwambia ninachokitaka.

"Gauni lako nataka nikushonee mimi."

Alikuwa ameshaniambia juu ya duka fulani la Nairobi ambako marafiki zake wote hukodi.

"Mum, si kwamba sitaki," akasema. "Lakini watu watauliza. Watu wa benki, watu wa kina yule wa Kapseret. Wakiuliza naweza kusema imetoka Nairobi? Tafadhali. Siku hiyo moja tu."

Iliniuma. Nasema wazi kwamba iliniuma, na nilizungusha gurudumu la cherehani bila uzi ili mikono iwe na kazi. Miaka yote hiyo nimewatukana waandishi wa wafalme kwa kumficha fundi, na sasa mtoto niliyemlea chini ya meza alikuwa akiniomba nijifiche mwenyewe. Nilitaka kukataa. Lakini nilijua pia kwamba nikikataa angetembea mbele ya madhabahu akiwa amevaa mkono wa mtu mwingine, na hilo nisingelivumilia. Nikamwambia sawa, litoke Nairobi. Nilichokitaka, na nilikuwa nakijua vizuri moyoni, ni kwamba hata mara moja, mbele ya watu, aseme ni mama yangu aliyeshona. Sikumwambia. Kitu kama hicho ukikiomba kinapoteza ladha.

Mwenye duka alipojua ni gauni la nani, aliingia stoo ya nyuma na kurudi na jora la satini nililokuwa sijawahi kuliona.

"Hii nilikuwa nimeweka, Mama," akasema. "Nilikuwa naweka tu. Sikujua ni ya nani."

Nilishona asubuhi na mapema, kabla ya wateja kufika, wakati mwanga wa Eldoret ni mweupe na baridi bado imekaza. Lile bega la kushoto nililikata mara tatu kwenye karatasi kabla ya kugusa satini. Nilimpa mkia wa mita nne, nikiupima kutoka kwenye picha ya malkia kwa rula ya shule na kuzidisha. Kisha nikafika kwenye bitana ya ndani ya mkia, kipande kikubwa cheupe ambacho hakuna mtu atakayekiona, na hapo ndipo nilipovikumbuka vile vitabu vya maajabu. Nilidarizi ramani, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Upande mmoja ziwa. Njia ya nukta nukta mpaka Plateau, na hapo nikaweka dirisha la chumba cha kushonea. Njia tena mpaka mjini: veranda, meza, na chini ya meza mtoto mdogo sana, mishono tisa tu. Kisha njia inayoshuka mpaka Kapseret, na huko nikashona ng'ombe. Ukipita haraka huoni kitu, lakini vidole vinasoma. Sikumwambia bibi harusi. Kila nchi ina siri zake, na mimi nilikuwa nimekubali kuwa mojawapo.

Harusi ilikuwa Agosti. Kanisani, mjini, mambo yalikwenda vizuri mno. Sakafu ya vigae, mkia umelala umenyooka, watu wakisimama na simu zao, na mimi kwenye benchi la mbele nikiwa na gauni langu la zambarau nikiangalia mshono wa mgongoni badala ya kumsikiliza mchungaji. Msimamizi wa bibi harusi, rafiki yake wa benki, aliulizwa na mama mmoja gauni limetoka wapi. "Nairobi," akajibu kwa sauti ya kusikika safu nne. Nilitazama mbele. Sindano niliyoiacha kwenye kola yangu, kama ninavyofanya kila siku bila kufikiri, ilikuwa ikinichoma kidogo shingoni.

Tukaenda Kapseret kwa karamu. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha kama kawaida ya Agosti, na asubuhi ng'ombe walikuwa wamepitishwa njia ileile ya kwenda kwenye hema. Gari la bibi harusi lilisimama langoni kwa sababu mbele yake lingenasa. Mlango ukafunguliwa. Binti yangu akatoa mguu mmoja, akatazama chini, akanitazama mimi.

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Mkia wa gauni mtu mwenye akili huuwekea vitanzi na vifungo kwa ndani, ili sherehe ya kanisani ikiisha uinuliwe na kufungwa nyuma ya kiuno. Kila fundi anajua. Nimewawekea mabibi harusi wa watu wengine bila hata kuambiwa. Hili langu sikuliwekea hata kimoja, kwa sababu nililitoa kwenye vitabu, na katika vitabu nilivyosoma miaka yote hiyo hakuna malkia aliyewahi kuinua mkia wake. Kuna zulia tu. Zulia kanisani, zulia kwenye gari, zulia mpaka kitandani. Nilisoma habari za mvua za harusi ngapi za kifalme na sikujiuliza hata mara moja kama kulikuwa na matope. Nami nimeishi Eldoret karibu maisha yangu yote.

Wasimamizi walijaribu kuubeba. Satini inateleza, na mita nne si mchezo. Mmoja alikanyaga ukingo, mwingine nusura aanguke. Manyunyu yakaanza. Emsii, aliyekuwa chini ya hema na maikrofoni yake, aliona tumekwama akaanza kazi yake ya kuharakisha watu. Mimi nikakata kauli. Nilichomoa sindano kwenye kola, nikatoa uzi kwenye pochi, nikapiga magoti kwenye matope na zambarau yangu, nikaukunja mkia kwenda juu, ndani nje, na kuanza kuushonea kiunoni pale pale.

"Ai, mama bibi harusi!" emsii akasema, na spika zikapeleka sauti mpaka barabarani. "Simama, Mama! Leo wewe ni mgeni wa heshima, hiyo ni kazi ya mafundi. Fundi wa Nairobi ako wapi? Kama alikuja na hii gauni ajitokeze afanye kazi yake, chakula inapoa!"

Watu wakacheka, wakageuza shingo kumtafuta fundi. Nilikuwa na uzi mdomoni, nisingeweza kujibu, na hata ningeweza nisingejibu, kwa sababu nilikuwa nimetoa ahadi. Nikashona. Niliuhisi mwili wa binti yangu umekakamaa chini ya mikono yangu. Kisha ukageuka kidogo, taratibu, ili asiivute sindano.

"Fundi ndiye huyo," akasema.

Hakuwa na maikrofoni, lakini alikuwa na sauti niliyoifundisha kusoma.

"Gauni haikutoka Nairobi. Nilidanganya. Imeshonwa na mum, hapo taoni kwa veranda, na watu wa benki mnamjua, mnapita hapo kila siku. Mngoje amalize."

Hakuna aliyecheka. Emsii alisema "Haya" kwa sauti ndogo na akaizima maikrofoni. Watu wa benki, wazee wa ukoo wa Kapseret, jamaa zetu waliotoka ziwani, mchungaji na mwavuli wake, wote wakasimama kwenye manyunyu wakingoja. Nimesoma kurasa nyingi za umati ukimngoja malkia. Sijawahi kusoma ukurasa wa umati ukimngoja fundi, na kwa kuwa nilijua huenda hautarudi tena, sikuharakisha. Mishono sita mirefu ingetosha. Nilipiga mishono midogo ya kurudi nyuma, mara mbili, nikafunga fundo, nikaangalia kama upande wa kulia unalingana na wa kushoto. Uzi nikaukata kwa meno, jambo ambalo shangazi alinikataza.

Kwa kukunjwa vile, bitana ilikuwa imetokea nje. Mama wa bwana harusi alikuja na gambuti zake na mwavuli, akatuinamia kuangalia kama tuko salama, kisha akaweka kidole kwenye bitana na kukisogeza polepole.

"Pamwai," akaniita, kama wanavyoitana kwao wazazi wa walioana, "hii imechorwa nini?"

"Ni ramani."

"Sisi tuko wapi?"

Nilimwonyesha ng'ombe. Alicheka mpaka akalazimika kunishika bega, kisha akawaita dada zake kwa Kikalenjin waje waone ng'ombe wao. Binti yangu aliinama kadiri gauni lilivyomruhusu, akafuata njia ya nukta nukta kwa kidole kutoka kwenye ng'ombe kurudi nyuma, mpaka mjini, mpaka veranda, mpaka chini ya meza. Hapo kidole kikasimama. Vipodozi vyake vikaharibika vibaya.

Wanawake wa upande wetu walikuwa wameshaanza kutandika leso chini, kama tunavyofanya bibi harusi anapoingia kwao. Hazikutosha kufika kwenye hema, kwa hivyo wakawa wanaokota ya nyuma na kuipitisha mbele, wakiimba, na mashangazi wa Kapseret walipoona hivyo walivua mashuka yao mabegani na kuyaongeza. Hilo ndilo zulia lake. Vitabu vyangu havina zulia kama lile, na nimevisoma vyote.

Ndani ya hema shangazi alikuwa amekaa mbele, na blanketi magotini. Macho yake siku hizi yanaona mwanga na vivuli tu. Aliomba bibi harusi aletwe karibu, akanyoosha mkono, akalipapasa bega la kushoto, mshono wote, kutoka shingoni mpaka kwapani na kurudi.

"Halijavuta," akasema. Kisha akageuka upande ambao alidhani nimesimama. "Wewe hukukimbizwa."

Nililia hapo. Matope magotini, uzi kwenye midomo, nikalia mbele ya watu wote na sikujali.

Walipokwenda kuanza maisha yao, binti yangu aliniomba kile kitabu cha shangazi amwonyeshe mumewe malkia mwenye viatu vya bluu. Kilikaa kwao wiki mbili. Alikirudisha Jumatatu saa ya chakula cha mchana, akiwa na wenzake watatu wa benki; safari hii walivuka barabara wote, wakajibana kwenye benchi la veranda, na mmoja akaniuliza kama naweza kumrekebishia zipu. Waliporudi kazini nilikifungua kitabu kutoka nyuma, kwa mazoea tu, maana faharasa hiyo naijua kwa kichwa.

Kwenye herufi ya M, kati ya waziri mmoja na jenerali, kulikuwa na mstari wa biro ya bluu, kwa mwandiko mzuri wa mtu wa benki: Mama yangu, aliyeshona. Na mahali pa namba ya ukurasa ameandika: tazama bitana.

Ameandika ndani ya kitabu, kitabu cha watu wengi, hata wale ambao hawajazaliwa. Jioni nilipofika nyumbani niliingia jikoni moja kwa moja nikautafuta mwiko. Niliupata. Nikasimama nao mkononi, kisha nikaupikia ugali, nikala, na nikakifungua kitabu nikasoma tena ule mstari.